Krismasi Niliyofunga Geti

Nianze na kosa langu, maana wanaonijua watalitafuta tu. Mwaka ule, siku ya Krismasi, saa nane mchana, nilifunga geti la ploti yetu ya Hai Mauna kwa mnyororo na kufuli, nikautia ufunguo kifuani. Juba nzima ilikuwa imeacha mageti wazi. Mimi nilifunga, tena kwa kishindo, nikajiona nina akili kuliko mtaa mzima.

Ilikuwa ile miaka ya mkataba wa amani, kabla ya kura ya uhuru. Nilikuwa nimetoka Kitale na cherehani moja ya miguu, baada ya kusikia kwamba Juba kuna kazi, na kweli kazi ilikuwepo, hasa Disemba. Akina mama waliniletea kitambaa jora zima, kwa sababu siku ya Krismasi watoto wa nyumba moja walipenda kuvalishwa kitambaa kimoja, kuanzia mkubwa hadi yule wa kubebwa mgongoni. Ukiona msururu wa maua ya njano unakata barabara, unajua bila kuuliza ni wa mama gani. Wiki mbili za mwisho nilikuwa nashona mpaka kiuno kinakataa kunyooka, na ulimi wangu, ambao hata siku za kawaida hauna breki, ulikuwa haushikiki. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Hasira hasara, najua, nimeambiwa tangu darasa la kwanza. Wateja walinizoea. Nikiwafokea walicheka, wakakaa kwenye benchi, wakaagiza chai, na mimi wakaniagizia.

Marafiki zangu wa kufa na kuzikana walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa Busoga, upande wa Iganga, Uganda, ambaye mtaa mzima ulimwita Msoga naye akaitika. Alikuwa na kibanda cha chakula Kator, si mbali na kanisa kuu, akiwapikia mafundi wa ujenzi matoke na mchuzi wa karanga. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Munuki. Huyu alikuwa mwenyeji wa Juba kwa damu, lakini alivushwa mpaka wa nchi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia kambini Uganda, akarudi baada ya amani akiwa mwanamume mzima asiyejua hata njia ya kwenda sokoni. Watu walikicheka Kiarabu chake. Alirudi kwao akawa mgeni kama sisi, na labda ndiyo sababu tulipatana.

Krismasi mbili zilizotangulia tulikuwa tumekula pamoja kwangu, kwa kuwa nilikuwa na uwanja, mwarobaini mmoja wenye kivuli, na ukuta. Msoga alipika, mwalimu alichinja, mimi niliamrisha. Tuliweka pia meza karibu na geti, kama kila nyumba ya Juba inavyofanya siku hiyo: kitambaa cha kufuma juu yake, sahani za biskuti na peremende, jagi la maji mekundu ya maua ya karkade. Watu huingia, wanaokujua na wasiokujua, wakasema kulu sana inta tayib, yaani kila mwaka uwe mzima, wakatwaa biskuti moja, wakanywa, wakaenda nyumba inayofuata. Mwaka wa kwanza nilidhani ni uchu wa biskuti. Mwaka wa pili nilianza kuhesabu waliokuwa hawajapita kwangu, nikawanunia.

Mwaka huo ninaousimulia, tarehe ishirini na tatu jioni, Msoga alikuja na sufuria yake kubwa kichwani kama tulivyokuwa tumepanga. Akaitua, akajipangusa uso, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya: "Mama yangu alikufa leo asubuhi. Kaka alipiga simu."

Niliacha cherehani. Mama yule sikuwahi kumwona, lakini nilikuwa nimekula karanga zake mara nyingi. Alikuwa akizikaanga mwenyewe, akizifunga kwenye mfuko wa unga, akimpa dereva wa basi azilete mpaka Juba. Nilimkalisha Msoga kwenye kiti cha wateja. Hakulia. Aliniuliza kama nimeshanunua vitunguu.

Alfajiri ya tarehe ishirini na nne mwalimu alimpakia kwenye pikipiki ya kukodi wakaenda stendi ya mabasi ya Kampala. Walikuta uwanja mtupu, maganda ya machungwa, na wakala akikunja turubai. Waganda wote waliokuwa na pa kwenda walikuwa wameshakwenda. Gari la kwanza lingeondoka tarehe ishirini na sita, tena lori la mizigo. Wakala aliwaambia kwamba hata wangeondoka dakika ile, na barabara ile ya Nimule ilivyokuwa, wasingefika Iganga kabla ya siku mbili. Na kijijini hakukuwa na barafu ya kuhifadhi maiti. Wazee walikuwa wameshakata shauri: mazishi ni siku ya Krismasi, saa kumi jioni, hakuna kumngoja mtu.

Waliporudi tulikaa chini ya mwarobaini, na hapo ndipo Msoga alipotueleza kilichokuwa kinamkaba. Kwao, binti anayetoka mbali kuja msibani huanza kulia tangu barabarani. Hulia kwa sauti kuu, akiita, ili kila nyumba anayopita ijue ni nani na amefiwa na nani. Shangazi zake wakimsikia hutoka kumpokea. Binti ambaye hakusikika, watu husema huyo alikuja kutazama. Na maneno yalikuwa yameanza hata kabla ya maiti kuoshwa. Shangazi yake mkubwa alikuwa amesema mbele ya waombolezaji wote: yule wa Juba mwacheni, anakula Krismasi.

"Mimi italia wapi?" alituuliza. "Barabara ya kwetu hapana iko hapa."

Mimi nilisema, kwa ukali ambao haukuwa wa yeyote pale, kwamba shangazi huyo angekuwa karibu ningemshonea mdomo.

Kaka yake ndiye aliyepata njia. Alikuwa na simu ya Kichina, zile zenye spika ya kelele kama redio. Alisema saa kumi, kabla jeneza halijateremshwa, kila mtoto wa marehemu husogea kaburini akasema neno lake la mwisho. Zamu ya Msoga ikifika angepiga simu, aiinue juu, dada yake aseme neno lake kutoka Juba na shangazi wote wasikie. Msoga alikubali haraka mno. Usiku kucha, nadhani, alikuwa akilipanga hilo neno. Asubuhi ya Krismasi alikuwa nalo tayari: la kumshukuru mama, na la kumwomba radhi kwamba hakuja.

"Lakini hapana ambia watu," alituonya. "Watu ya hapa hapana jua mama yangu. Watalia ya uwongo. Na Krismasi iko palepale. Mimi itapika."

Nilimwambia mfiwa hapiki. Akaniangalia, akachukua kisu, akaanza kumenya matoke. Nikaona nimwache.

Nilikwenda Kator misa ya asubuhi peke yangu. Kanisa lilijaa hadi nje, na ngoma zikapigwa, na akina mama wakapiga vigelegele padri alipomwinua mtoto wa plasta. Niliona kazi yangu kila upande: mikono ya puto, kola za lesi, pindo ambazo nilizikunja usiku wa manane nikiwatukana wenyewe. Mwaka mwingine ningevimba kichwa. Mwaka huo niliomba kitu kimoja, nacho ni netiweki. Nilimwambia Mungu wazi kwamba siku kama hii kila mtu Juba anapiga simu kwao, laini zimejaa, lakini saa kumi aniachie moja tu.

Narudi nyumbani, njia nzima meza zimeshawekwa. Vumbi la kiangazi lilikuwa limetulia kidogo kwa sababu watu walikuwa wamenyunyiza maji mbele ya mageti yao. Vijana wa kanisa walikuwa wanapita kwa mistari wakipiga ngoma. Pikipiki zilikuwa zinapiga honi bila sababu. Na jirani yangu wa ng'ambo ya ukuta alikuwa ametoa spika mbili nje, kila moja kimo cha mtoto, na muziki wake ulikuwa unatetemesha sufuria zangu.

Jirani huyo alikuwa bibi kizee, sote tukimwita haboba, ambalo ndilo neno lao la bibi. Alikaa Juba vita vyote, hakukimbia hata siku moja, na aliwazika wengi. Spika zilikuwa za wajukuu zake. Mimi na haboba tulikuwa tunagombana kwa wastani mara mbili kwa wiki, mara juu ya majani ya mwarobaini yanayoanguka kwake, mara juu ya kuku wake wanaoangukia kwangu. Yeye alisema Kiarabu cha Juba, mimi Kiswahili, na kwa kugombana hatukuhitaji mkalimani.

Basi nilisimama uwanjani nikasikiliza: ngoma, honi, spika, watoto. Nikajiuliza neno la Msoga litasikikaje kaburini katikati ya zogo hili, na yeye atasikiaje zamu yake ikitajwa. Simu yenyewe ilishika mahali pamoja tu, kona ya karibu na geti, ukiwa umesimama juu ya tofali. Geti likiwa wazi, kila aliyepita angeingia moja kwa moja kwenye hiyo simu na kulu sana yake na biskuti yake. Nikaamua. Meza sikuitoa. Saa nane nikafunga geti.

Dakika haijapita, likagongwa. Walikuwa wajukuu watano wa haboba, wote wasichana, wamevaa maua ya bluu niliyowashonea mwenyewe, wamejipanga kwa urefu. Walikuja kuonyesha nguo na kula biskuti. Nilichungulia kwenye tundu la bati. Nilitaka kuwaambia kitu kizuri, lakini nyuma yangu Msoga alikuwa anajaribu simu na simu ilikuwa inakataa, na kichwa kilikuwa kinanigonga.

"Leo hapa hakuna Krismasi," niliwaambia. "Nendeni nyumbani."

Walinitazama. Mdogo aliuliza kwa nini. Nikawapungia mkono waende. Wakaondoka wameshikana mikono, na nilimwona yule mkubwa akigeuka mara mbili.

Kama saa tisa hivi nilipata bahati ambayo sikuitarajia. Muziki wa haboba ulizimwa. Ulizimwa katikati ya wimbo, ghafla. Nikasema Mungu mkubwa, umeme wa jenereta umewaishia. Baadaye kidogo vijana wa ngoma walikuja upande wetu. Niliwasikia kutoka mbali nikaanza kukunja uso. Walipokaribia geti letu ngoma zikanyamaza. Nilisikia viatu vyao tu vikipita, wengi, kwa utaratibu, na walipofika mbali kule kwenye kona ngoma zikaanza tena. Hata pikipiki ziliacha honi. Nilimwambia mwalimu unaona, kufuli limefanya kazi, watu wakijua humu hawakaribishwi wanashika adabu. Mwalimu alinitazama kwa namna ya ajabu. Alikuwa mwenyeji kwa damu, na nadhani damu ilikuwa imeanza kumnong'oneza.

Chakula kilikuwa tayari: matoke yamefunikwa kwa majani ya ndizi aliyoyapata sijui wapi, mbuzi, wali, mchuzi wa karanga. Msoga alikuwa amepika kama kwa watu arobaini. Tulikuwa watatu. Hatukugusa kitu. Saa tisa na nusu alivaa gauni lake la Krismasi, akajifunga kanga kiunoni, akapanda juu ya tofali na simu mkononi.

Kaka yake alibipu mara moja, ishara kwamba wametoka kanisani. Msoga akapiga. Yule mwanamke wa kwenye simu, ambaye siku hizo tulimjua kuliko dada zetu, akasema laini zote zina shughuli. Akapiga tena. Tena. Mwalimu akachukua simu, akapanda yeye kwenye tofali kwa kuwa ni mrefu, akawa anabonyeza na kuinua mkono, anabonyeza na kuinua mkono. Saa kumi kasoro kumi. Midomo ya Msoga ilikuwa inatembea bila sauti, akilirudia neno lake lisimpotee.

Hapo geti likatikiswa. Halikugongwa kwa furaha, lilitikiswa taratibu na mkono wa mtu mzima.

"Ya biti," ilisema sauti ya haboba. "Fata bab." Binti, fungua mlango.

Nilikwenda kwenye tundu na damu imenipanda. "Haboba, leo hapana! Kesho! Bukra!"

Haboba hakupandisha sauti. "Munu al mutu?" aliuliza.

Hata mimi na Kiarabu changu cha kugombania kuku nililielewa swali hilo. Nani aliyekufa? Nilitoa jicho vizuri kwenye lile tundu. Nyuma yake walikuwa wanawake wa mtaa, kumi, labda kumi na tano, kila mmoja na nguo yake mpya ya Krismasi, na kila mmoja ameshika kitu. Hakuna aliyekuwa anatabasamu. Ndipo nilipoelewa. Geti limefungwa Krismasi. Meza haijatolewa. Mwenye nyumba amewaambia watoto kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hapa hakuna Krismasi. Watu wa Juba, baada ya vita vile, hawangehitaji kuambiwa zaidi. Ule ukimya nilioshukuru haukuletwa na kufuli. Walikuwa wametunyamazia kwa heshima ya maiti.

Na mimi, kwa aibu, nilifanya ninachofanya nikiaibika. Nilipiga kelele. "Hakuna aliyekufa! Nani kasema kuna aliyekufa?"

"Dada," Msoga alisema nyuma yangu. "Fungua."

Nilitoa ufunguo. Kufuli lilibembea kwenye mnyororo likanishinda, na haboba akapitisha vidole vyake kwenye tundu akalishika lisicheze.

Waliingia mmoja mmoja wakavua viatu. Waliweka vitu vyao ukutani: sukari, majani ya chai, fungu la kuni, jerikani ya maji, na biskuti, biskuti nyingi, zile za kwenye meza zao, zimefungwa kwenye vitambaa. Mwalimu aliwaambia kwa Kiarabu chake kibovu: ni mama yake huyu, Uganda, wanamzika sasa hivi. Hakuna aliyemcheka. Nilikimbilia mikeka lakini hawakuingoja. Walikaa chini kwenye vumbi, na zile nguo. Nilizijua zote kwa mshono. Kulikuwa na gauni jeupe lenye tabaka tatu ambalo mwenyewe alinisumbua nalo siku nne, hataki hata chaki ilichafue, na alilikunja chini yake kwenye udongo bila kuangalia. Niliwaza kwamba nimekaa na watu hawa miaka miwili nikiwapima viuno tu.

Waswahili husema kilio huanza na mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Kwetu siku hiyo kilianza na wa mbali. Haboba ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini, akitikisa kichwa, akisema maneno ya Kibari, lugha ya kwao, ambayo sikuyajua. Wengine wakampokea. Msoga alikuwa bado amesimama, mikono imekufa ubavuni, akiwatazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Simu ikalia. Laini ilikuwa imepatikana kutoka upande wa pili. Mwalimu alibonyeza spika, akashuka kwenye tofali bila kufikiri, simu ikaanza kukata, akapanda tena. Tulimsikia kaka akiita kwa Kisoga, haraka haraka, na nyuma yake umati na upepo. Sikuhitaji tafsiri kujua anasema zamu yako, sema, wanangoja.

Msoga alisogea chini ya ile simu. Akafungua mdomo. Lile neno alilolipanga usiku kucha halikuja. Nilimwona akilitafuta, akiangalia juu, akiangalia mwalimu, akiniangalia mimi, na nilitamani ningeweza kumshikia nyuzi. Kaka aliita tena. Kisha mabega ya Msoga yakapanda, na kikamtoka kilio ambacho sijawahi kusikia kwa mtu mtaratibu kama yule. Aliita mama yake kwa jina la nyumbani. Aliita tena na tena, akitembea, kutoka tofali hadi mwarobaini na kurudi, mikono kichwani, na wanawake wa Mauna walipomsikia mwenyewe ameanza waliacha adabu zote wakalia naye kwa sauti iliyojaza ploti.

Kwenye simu kaka alisema kitu kwa mshangao. Mwalimu, aliyefundishwa na Wasoga kule kambini, alininong'oneza: anauliza ni akina nani hao. Msoga aliendelea kumwita mama yake. Kaka akasema tena, na safari hii mwalimu karibu acheke huku machozi yanamtiririka: anasema mchungaji anaomba wa Juba wapunguze kidogo, huku hasikiki.

Mazoea yana taabu. Mimi, baada ya yote hayo, niliinua mkono niwanyamazishe watu. Haboba aliukamata mkono wangu akauteremsha, akaukalisha juu ya goti lake, akaendelea kulia. Mchungaji wa watu akangoja.

Halafu kwenye simu ikaja sauti nyingine, ya mwanamke mzee, ya kukwaruza. Msoga alisimama palepale alipokuwa. Yule mzee alisema maneno machache, si mengi, polepole. Msoga akajibu neno moja. Kisha laini ikakatika, na mwalimu hakujaribu tena. Msoga alikuja akaketi chini kati ya haboba na mimi, akalaza kichwa kwenye bega la mmoja wetu, sikumbuki la nani.

Tulikaa hivyo mpaka jua likashuka nyuma ya mwarobaini. Hakuna aliyefanya haraka. Baadaye mwanamke mmoja aliinuka akawasha moto kwa zile kuni, akatia chai, na mwingine akaenda kwenye sufuria za Msoga, akafunua, akaita wenzake waje wasaidie. Chakula cha watu arobaini kilipata watu wake. Wale wasichana watano waliletwa, maua ya bluu yameshatiwa vumbi, na niliwaomba msamaha mmoja mmoja kwa urefu wao. Mdogo aliniuliza kama sasa Krismasi ipo. Nilimwambia ipo, akaenda kutafuta nyama.

Msoga aliwekewa sahani mbele. Aliitazama tu. Mwalimu ndiye aliyeuliza, maana alisema ile sauti ya mwisho ilikuwa ya chini mno, hakuipata: yule mzee alikuwa nani, na alisema nini?

"Shangazi yangu," Msoga alisema. "Ile mkubwa."

Akaivuta sahani karibu.

"Alisema, tumekusikia. Alisema, umefika, mtoto wetu. Ingia, ule."

Akanawa mikono, akakata tonge la matoke, la kwanza tangu juzi, akala.